Kisilo Hupakiwa Mwisho

Wifi yangu Leokadia alifika dirishani pangu ghalani Jumanne saa tatu asubuhi, kitambaa cheusi cha msiba bado kichwani, akaiweka kadi ya mwanawe mbele yangu bila hata salamu. Nilimwonyesha benchi akae. Akatikisa kichwa.

"Soma, wifi."

Nikasoma. Edina Mligo, miaka kumi na tisa, kituo cha Kisilo. Siku zilizobaki kwenye betri: nne.

Kama moyo wako unadunda wenyewe, mshukuru Mungu halafu unisikilize. Sisi wa nyanda za juu tulipitiwa na homa miaka kumi na minne iliyopita, na aliyepona aliachiwa moyo uliolegea kama mpira wa zamani. Serikali ikawatia watu pampu kifuani. Pampu inakula betri moja kila miezi sita, na betri hiyo haichajiwi. Ikiisha, imeisha na mwenyewe. Betri zote za kanda hii hukaa kwenye ghala letu, na mimi, Yusta Mligo, ndiye mtoa ripoti wa ghala. Homa ilipopita nilikuwa chuoni mbali, ikanikosa. Ilimpata kaka yangu Melkiori na binti yake Edina. Melkiori tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla ya Jumanne hiyo. Betri yake iliisha akiwa anafunga mlango wa banda la kuku.

"Leo usiniambie betri zimeisha," Leokadia alisema. "Hilo nimelisikia mpaka nimelikariri."

"Lakini ndiyo kweli, wifi. Tangu Machi meli inaleta kidogo kidogo."

"Sibishi. Nauliza kitu kimoja tu. Mbona kila wiki zinaishia kwetu? Dada yangu ameolewa Ihanga. Nimempigia jana. Anasema huko hawajazika mtu hata mmoja, betri zinafika kama kawaida. Ihanga ni kilomita mia tatu. Sisi Kisilo tukitoka uani tunaliona paa la ghala lenu. Najua penye miti hapana wajenzi, lakini hii imezidi."

Nikamjibu jibu ambalo tunafundishwa wiki ya kwanza ya kazi. Nilimwambia ripoti haimjui mtu, ripoti inapanga tu.

"Na nani aliiambia ipange hivyo?"

Hakusubiri jibu. Aliiacha kadi pale dirishani akaondoka kushika njia ya Kisilo kwa miguu, kilomita kumi na mbili, kwenye baridi ya Juni inayopasua midomo. Nilibaki na hasira naye. Nilijiambia msiba umemharibu, sasa anatafuta wa kumlaumu. Kisha nikafungua mfumo ili nimthibitishie kwamba amekosea.

*

Niliyeiambia ripoti ipange hivyo ni mimi.

Ngoja nieleze, maana watu wa nje hudhani ghala letu lina akili. Halina. Zamani ghala moja la ng'ambo liliiachia mashine iamue mgonjwa yupi apewe dawa, na ilipokuja kugundulika mashine imejifundisha kuwaruka wazee, dunia nzima ilitikisika. Ndipo ikatungwa sheria kwamba mashine isichague mgonjwa. Kwa hiyo mikono yetu kumi na sita ya chuma haijui lolote. Inasoma ripoti ya wiki kuanzia mstari wa kwanza, inachukua betri, inaifungua kwa namba ya mgonjwa wa mstari huo, inaitia kwenye sanduku, inashuka mstari unaofuata. Betri zikiisha, inasimama. Betri ambayo haikufunguliwa kupitia ripoti haiwaki kifuani mwa mtu yeyote, hata uiibe kwa mtutu wa bunduki. Na chini ya kila ripoti pana sentensi ambayo mtu mwenye damu lazima aisaini: *Nathibitisha kwamba ripoti hii imepanga tu, haikuchagua mtu.*

Sentensi hiyo nimeisaini kila Jumanne kwa miaka kumi na miwili.

Mwaka wangu wa kwanza ripoti ilikuwa inapanga vituo kwa alfabeti: Idunda, Ihanga, Kisilo, Lwangu, Mlowa. Wapakiaji wakapakia behewa hivyo hivyo. Sasa treni ikitoka hapa, kituo cha kwanza ni Kisilo, kisha Lwangu, Idunda, Mlowa, na mwisho Ihanga. Wakifika Kisilo, masanduku ya Kisilo yako katikati, yamezibwa na ya Mlowa na Lwangu. Ilibidi washushe nusu ya behewa ndipo wayapate, warudishe tena, mvua inanyesha. Mkuu wa wapakiaji, Mzee Fidelis Chaula, akaja ofisini kwangu na matope mpaka magotini.

"Binti, umesoma sana, lakini nakuona hujawahi kupakia hata gunia la viazi," aliniambia. "Kinachoshuka mwisho ndicho kinaingia kwanza. Ihanga aingie kwanza, akae ndani kabisa. Kisilo aingie mwisho, akae mlangoni. Hilo hata mbuzi wangu analijua."

Nikaona aibu, maana alisema kweli. Mfumo una mahali pa kuandika mpangilio maalumu, yaani unauambia: achana na alfabeti, fuata orodha yangu. Nikaandika orodha ya vituo vitano: Ihanga, Mlowa, Idunda, Lwangu, Kisilo. Wapakiaji walifurahi wakaniletea debe la ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na ulanzi wenyewe ulikuwa mtamu. Enzi hizo betri zilitosha na kusaza. Uwe wa kwanza au wa mwisho kwenye ripoti, jioni wote mmepata, kwa hiyo mpangilio ulikuwa wa kumpunguzia mtu mgongo tu. Niliusahau kama mtu anavyosahau msumari aliopigilia ukutani.

Machi meli ikaanza kupunguza. Hakuna aliyegusa orodha.

Nilizichapa ripoti kumi na tatu, kuanzia Machi hadi wiki iliyopita, nikazitandaza sakafuni, nikapiga magoti. Kwenye kila moja nilichora mstari mwekundu pale mikono iliposimama. Wiki ya kwanza mstari ulikata katikati ya Kisilo. Wiki ya nne Kisilo yote ilikuwa chini yake. Wiki ya tisa Lwangu ikaanza kuingia. Kisha nikafungua daftari la vifo. Kisilo watu ishirini na wawili, Lwangu tisa. Idunda, Mlowa na Ihanga, hakuna. Kule Ihanga watu walikuwa wanabadilishiwa betri zikiwa na wiki mbili za uhai ndani yake, wanakunywa chai, wanarudi nyumbani.

Melkiori Mligo alikuwa kwenye ripoti sita mfululizo, zote ukurasa wa mwisho. Zote sita zina saini yangu. Ukurasa wa mwisho sikuwa nausoma, kwa sababu mikono haikuwa inaufikia. Na kuna baya zaidi, niliseme tu. Nilikuwa najivunia kutomtafuta kaka yangu kwenye ripoti. Wenzangu walitafuta ndugu zao, mimi nikajiona msafi, mtu wa haki, nisiyempendelea wa tumbo moja. Usafi wangu ndio uliomzika.

Nililia pale sakafuni hadi karatasi zikalowa. Kisha nikanawa uso nikaenda kwa meneja.

*

Meneja wetu, Rehabeam Sanga, ni mtu mpole wa kuudhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazitazama karatasi zangu zenye mistari myekundu moja moja, akazipanga vizuri pembe kwa pembe, akazigeuza kifudifudi.

"Dada Yusta, pole sana," alisema. "Sasa unataka nini?"

"Nataka nibadilishe mpangilio leo, kabla treni ya kesho haijapakiwa. Tupange kwa siku zilizobaki kwenye betri. Mwenye siku chache awe juu."

"Na wapakiaji watapakiaje?"

"Nitatoa ripoti mbili. Moja ya mikono, nyingine ya wapakiaji."

Alikuwa analiona nililoliona mimi, kwamba jambo lenyewe ni jepesi kiasi hicho. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Unajua ukifanya hivyo unasema nini?" aliniuliza. "Leo hii sisi ni watu tuliopungukiwa betri. Nchi nzima imepungukiwa, hakuna wa kutushika. Ukibadilisha leo, umekiri kwamba jana ulikuwa unachagua. Watu thelathini na moja, dada. Nao wana ndugu, na ndugu wana mawakili."

"Na nisipobadilisha?"

"Usipobadilisha hujafanya kitu. Ripoti imepanga."

"Meneja, mmoja wa hao thelathini na moja amenyonya ziwa nililonyonya mimi."

Sitamsingizia, macho yake yalilowa. Lakini mpole akilowa macho haimaanishi kalegea. Alisema atakubali kwa masharti. Kwenye kumbukumbu lisiandikwe neno badiliko, liandikwe usafi wa ripoti. Nisitumie umri, wala jinsia, wala dini, maana hivyo sheria imevikataza. Na kigezo chochote nitakachoweka kiwe kitu ambacho mtu wa nje akikitazama hawezi kuuliza kwa nini.

"Siku zilizobaki hazina swali," alisema. "Ni namba. Ila uje na ripoti iliyokamilika kabla ya saa kumi, nami nitagonga muhuri."

Nilishukuru. Ndiyo, nilimshukuru yule mtu.

*

Kuandika mpangilio mpya kulinichukua dakika ishirini pamoja na kumtengenezea Mzee Chaula ripoti yake ya kupakia. Nikabonyeza. Majina themanini na manane yakajipanga upya mbele yangu, Kisilo na Lwangu wakapanda juu kama maji yaliyofunguliwa. Kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu nilivuta pumzi ikafika chini.

Kisha nikaangalia idadi ya betri za wiki hiyo. Kumi na tisa.

Watu wasioweza kuifikia treni ya Jumatano ya wiki ijayo walikuwa ishirini na wanne. Wa ishirini na tano alikuwa na siku tisa, huyo angesubiri. Mstari wa kwanza hadi wa kumi na tano walikuwa na siku moja, mbili, tatu. Kuanzia wa kumi na sita hadi wa ishirini na nne, watu tisa, wote walikuwa na siku nne. Kwa tisa hao zilibaki betri nne. Edina alikuwa mmoja wao.

Mashine haijui kupanga vitu vinavyolingana. Ukiipa watu tisa wenye siku nne itakuuliza kigezo cha pili: sasa hawa niwapange kwa kitu gani? Inauliza kwa kisanduku kidogo cheupe, na kisanduku kinasubiri. Kingesubiri hadi kiama.

Nikajaribu kituo, kwa orodha ile ile ya zamani. Edina akawa wa tisa. Nikafuta haraka.

Nikajaribu tarehe ya kusajiliwa. Hicho ndicho kigezo cha haki, wala sihitaji mwanafalsafa anifundishe. Ni foleni. Mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba aliyetangulia kisimani ndiye anateka kwanza. Wakajipanga: Sikujua Nyagawa wa Lwangu, Tulizo Mwinuka, Gaudensia Luvanda, Abisai Kiswaga. Hapo betri zinaisha. Edina alikuwa wa sita.

Nikajaribu jina. Abisai, Beatha, Dominata, Edina. Betri zinaisha. Chini yake Festo, Gaudensia, Luhano, Sikujua, Tulizo.

Nilizichapa zote mbili, ya foleni na ya majina, nikaziweka mezani ubavu kwa ubavu. Ilikuwa saa nane na nusu. Nilikaa nazo hadi saa tisa na dakika arobaini, na katika muda huo wote nilijifanya nafikiri. Uongo. Nilikuwa nimeshaamua tangu nilipoliona jina la Edina likipanda juu ya ule mstari, na muda uliobaki niliutumia kujitafutia maneno. Nilijiambia alfabeti haina upendeleo. Nilijiambia Mungu ndiye aliyempa kila mtu jina lake. Nilijiambia nina deni kwa marehemu. Nilijiambia ningekuwa na mtoto wangu mwenyewe pale ningechagua foleni, ila huyu si wangu, ni yatima niliyemfanya yatima mimi, na hilo ni jambo lingine.

Sikujua Nyagawa nilimfahamu. Si ndugu wala rafiki. Anauza viazi vya kukaanga kituo cha Lwangu, anavipitisha dirishani kwenye gazeti, na ukimpa hela kubwa anakimbia na treni mpaka akurudishie chenji yako. Alisajiliwa miaka kumi na minne iliyopita, mwezi ule ule pampu zilipoanza kutolewa. Hakuna aliyesubiri zaidi yake kanda nzima.

Nikaandika kwenye kisanduku: jina. Kisanduku kikafunga.

Meneja aliisoma ripoti hadi chini. Alipofika kwenye Edina Mligo alisimama kidogo, akanitazama, akatazama jina langu kwenye kitambulisho kifuani. Nilijua ameelewa. Nilikuwa tayari anitukane, na nadhani nilitaka anitukane.

"Siku zilizobaki, kisha alfabeti," alisema taratibu. "Safi sana. Hii hakuna mtu atakayeiuliza."

Akagonga muhuri. Nikasaini kwamba ripoti imepanga tu, haikuchagua mtu.

*

Treni iliondoka Jumatano saa nne. Saa saba mchana Kisilo wakaandika kwenye mfumo kwamba Edina Mligo amebadilishiwa betri. Jumamosi kituo cha Lwangu kikaandika vifo vitatu. Sikujua alikuwa wa pili kati ya watatu hao, na kwenye nafasi ya sababu waliandika: hakupangiwa.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Kisilo. Nakiri nilikwenda kushukuriwa. Nilibeba sukari na kitenge, nikamkuta Edina uani anachambua maharage, shavu limerudi rangi. Aliponiona aliinuka mbio, akanikumbatia, na kupitia sweta lake nikaisikia pampu inavyofanya kazi, tik, tik, haina wasiwasi na mtu.

"Shikamoo shangazi. Mama yuko ndani."

Leokadia alinikaribisha chai. Alikuwa ametoa kile kitambaa cheusi. Alinishika mikono yote miwili akasema asante hadi sauti ikamkatika, akaketi karibu nami, kitu ambacho hakukifanya tangu mazishi. Nilihisi joto likinirudia mwilini. Nikasema moyoni, basi, hili limekwisha, mengine nitajibu mbele ya Mungu.

"Ulifanyaje wifi?" aliniuliza. "Watu wa Kisilo wote wanashangaa. Kumi na mmoja wamepata, siku moja."

Hapo ningesema ni bahati, au meli imeongeza. Lakini sifa ni tamu, na mimi nilikuwa na njaa nayo. Nikamweleza. Nilimweleza habari za Mzee Chaula na behewa, ya kwamba Kisilo hupakiwa mwisho, na jinsi orodha ya kupakia ilivyogeuka kuwa orodha ya kupewa bila mtu kujua. Nikamweleza nilivyopiga magoti sakafuni na kalamu nyekundu, nilivyomkabili meneja, nilivyotoa ripoti mbili badala ya moja. Za kigezo cha pili sikumwambia. Alisikiliza bila kunikatiza, kikombe chake mapajani.

"Kwa hiyo uliupindua mpangilio tu," alisema nilipomaliza.

"Nikaupindua."

"Ni kazi kubwa?"

"Hapana. Ukishajua pa kubonyeza siyo kubwa."

"Ilikuchukua muda gani?"

Nilikwisha kufungua mdomo ndipo nikaona swali linakoelekea, na lilikuwa limeshafika.

"Dakika ishirini," nikasema.

Aliitua chai yake chini polepole. Nje Edina alikuwa anaimba wimbo wa kwaya, anasimama, anaanza tena ubeti ule ule.

"Baba Edina alikaa kwenye orodha yako wiki sita," Leokadia alisema. Hakupandisha sauti. "Kila Jumanne alikuwa ananiambia, usihangaike, dada yangu ndiye anayeitoa ile ripoti. Wiki sita, wifi. Katika wiki sita ulikosa dakika ishirini?"

Nilitaka kumwambia kwamba sikujua, na lilikuwa kweli, lakini neno hilo sasa ni jina la mtu na sikuweza kulitamka.

"Ulikuwa unafanya nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nilikuwa nasaini.